Bahari Haina Wastani

Limezuka kosa ambalo sasa limezoeleka kiasi cha kudhaniwa kuwa ni elimu. Afisa mipango anapotakiwa kuandika kifungu kinachohusu kupanda kwa bahari katika andiko la mradi wa pwani, njia nyepesi iliyo mbele yake ni moja: kufungua ripoti ya kimataifa, kuchukua tarakimu ya dunia nzima, kuinakili kama ilivyo, kisha kuendelea na hesabu za saruji na nondo. Mradi waweza kuwa gati, soko la samaki, kisima, zahanati au shule. Tarakimu huwa ni ile ile. Mkubwa wake hutia saini, faili hufungwa, na kila mmoja huamini kwamba wajibu umetimizwa.

Wajibu haukutimizwa. Tarakimu yenyewe ni ya kweli, lakini imewekwa mahali ambapo ukweli wake haufiki. Hakuna bandari ya dunia nzima. Hakuna mvuvi anayepwelewa katika bahari ya wastani, wala mkulima wa mwani anayefunga kamba zake katika maji ya wastani. Dar es Salaam ina maji yake, Pemba ina yake, na delta ya Rufiji ina yake. Anayepanga maisha ya watu wa pwani kwa wastani wa dunia ni sawa na fundi anayeshona sare za shule nzima kwa kipimo cha mwanafunzi ambaye hayumo katika shule hiyo.

Yafaa kwanza tarakimu hiyo itajwe, isije ikadhaniwa kwamba inadharauliwa. Jopo la Umoja wa Mataifa linalochunguza mabadiliko ya tabianchi, lijulikanalo kwa herufi IPCC, lilieleza katika ripoti yake ya 2021 kwamba kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Kasi ya kupanda nayo imekuwa ikiongezeka: kati ya 1901 na 1971 ilikuwa milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 ikafika milimita 3.7 kwa mwaka. Kuhusu siku zijazo, Jopo lilikadiria kwamba kufikia 2100, kwa kulinganisha na hali ya miaka ya 1995 hadi 2014, bahari huenda ikapanda sentimita 28 hadi 55 iwapo mataifa yatapunguza hewa ukaa mapema na kwa kiasi kikubwa, au sentimita 63 hadi 101 iwapo yataendelea kuitoa kwa kadiri kubwa mno. Tena Jopo likaonya kwamba, katika hali hiyo mbaya, hata kupanda kunakokaribia mita 2 hakuwezi kukanushwa kabisa, kwa sababu tabia ya barafu ya Ncha ya Kusini bado haijafahamika vyema.

Huo ni ushahidi mzito, na anayeupuuza anajidanganya. Lakini ripoti hiyo hiyo ina sentensi nyingine ambayo wanaonakili huiruka. Inasema kwamba karibu theluthi mbili za pwani za dunia zitapata kupanda kusikopishana na wastani kwa zaidi ya asilimia 20. Sentensi hiyo yaonekana kuwa ya faraja mpaka itakapopigiwa hesabu. Kwanza, theluthi moja ya pwani za dunia imebaki nje ya mpaka huo. Pili, asilimia 20 ya mita moja ni sentimita 20, yaani sawa na kupanda kote kulikotokea duniani tangu 1901 hadi 2018. Jambo linaloitwa tofauti ndogo lina ukubwa wa karne nzima ya bahari.

Kila mwalimu anaufahamu udanganyifu wa wastani. Mwanafunzi mmoja akipata alama 0 na mwenzake akapata 100, wastani wao ni 50, wala hakuna hata mmoja aliyepata 50. Mwalimu atakayemfundisha wa kwanza kana kwamba ana 50 atampoteza. Bahari nayo ni darasa la namna hiyo.

Kwa nini maji hayapandi sawasawa

Watu wengi waliosoma shule wameaminishwa kwamba bahari ni kama maji yaliyo katika beseni: ukimimina kikombe kimoja upande huu, uso wote hupanda kwa kipimo kimoja. Picha hiyo si sahihi, nayo yapasa iondolewe darasani kabla ya kuondolewa ofisini.

Sababu ya kwanza ni joto. Maji yakipashwa moto hutanuka. Kati ya 1971 na 2018, karibu nusu ya kupanda kwa bahari za dunia ilitokana na kutanuka huko, hata kabla ya kuhesabu barafu iliyoyeyuka. Lakini joto haligawiwi sawa kila mahali. Liko eneo linalolipokea kwa wingi, na liko eneo ambamo maji baridi ya kilindini huja juu na kulizuia.

Sababu ya pili ni pepo na mikondo. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa jambo hili na mgeni, kwa maana mwaka wake wote umegawanywa na kaskazi na kusi, na kati yake maleleji. Upepo ukivuma miezi mingi kutoka upande mmoja husukuma maji na kuyarundika upande mwingine. Mwaka 1997, na tena 2019, mpangilio wa pepo za Bahari ya Hindi ulipobadilika, maji ya joto yalirundikana upande wa magharibi wa bahari hiyo, na nchi za Afrika Mashariki zikapata mvua na mafuriko makubwa. Basi kama tabianchi inabadili pepo, inabadili pia mahali ambapo maji yatalala.

Sababu ya tatu huwashangaza wengi. Mlima wa barafu ni mzito kiasi kwamba huyavuta maji ya bahari kuuelekea, kama Mwezi unavyoyavuta maji wakati wa bamvua. Barafu ya Greenland ikiyeyuka, mvuto huo hupungua, na maji yaliyokuwa yamekusanyika jirani hutawanyika kwenda mbali. Kwa hiyo bahari iliyo karibu na Greenland hushuka, na bahari za nchi za joto, zilizo mbali na barafu za kaskazini na za kusini pia, hupata zaidi ya fungu lao. Ni dhuluma ya ajabu: Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa itokanayo kila mwaka na makaa ya mawe, mafuta na gesi, lakini sheria ya maumbile yenyewe inazipelekea pwani zake maji zaidi ya wastani pindi barafu ya mbali inapoyeyuka.

Sababu ya nne ni ardhi. Bahari yaweza kusimama pale pale na bado ikaingia kijijini, ikiwa ardhi inazama au inaliwa. Hilo huonekana zaidi katika delta, ambako ardhi ni tope lililoletwa na mto, nalo hushuka lisipoongezewa tope jingine.

Somo la Zanzibar

Asiyeamini kwamba bahari ina mambo yake kila mahali na atazame Zanzibar. Kipimo cha kupanda na kushuka kwa maji bandarini hapo kilianza kuweka kumbukumbu mwaka 1984. Kwa takriban miaka ishirini ya mwanzo, wakati dunia nzima ilipokuwa ikiambiwa kwamba bahari inapanda, kipimo cha Zanzibar kilionyesha kwamba uso wa maji ulikuwa ukishuka.

Ilikuwa rahisi kusema kwamba kipimo kimeharibika. Ilikuwa rahisi vilevile kusema kwamba habari za kupanda kwa bahari ni vitisho vya wageni. Wote wawili wangekosea. Mwaka 2010 Weiqing Han wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha vipimo vya Bahari ya Hindi tangu miaka ya 1960 na modeli za bahari za kompyuta. Waligundua kwamba bahari ilikuwa ikipanda katika sehemu nyingi, zikiwamo pwani za Ghuba ya Bengali na visiwa vya Sumatra na Java, huku ikishuka katika ukanda wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambamo Zanzibar na Shelisheli zimo. Sababu ilikuwa pepo. Mpangilio wake ulikuwa umebadilika, maji ya joto ya juu yakasukumwa kwingine, na maji baridi yakasogea karibu na uso. Maji baridi ni mazito, nayo huchukua nafasi ndogo. Tena watafiti hao wakaonyesha kwamba mabadiliko hayo ya pepo kwa sehemu yalitokana na kupanda kwa joto la dunia.

Maana yake ni nzito. Kipimo kilichoonekana kuyakanusha mabadiliko ya tabianchi kilikuwa kikiyathibitisha. Na aliyejenga hoja ya usalama juu ya kushuka kule alijenga juu ya mchanga, kwa sababu tangu wakati huo maji ya Zanzibar yamerudi kupanda, na satelaiti ambazo zimekuwa zikipima uso wa bahari tangu 1993 zinaonyesha kwamba pwani ya Afrika Mashariki inapanda pamoja na dunia. Wahenga walisema bahari haishi zinge. Iliyotulia leo kwa sababu ya upepo yaweza kesho kulipa deni lote kwa mkupuo, upepo huo utakapogeuka.

Wako basi wapotoshaji wa aina mbili. Wa kwanza huchukua wastani wa dunia na kuupachika Zanzibar. Wa pili huchukua miaka michache ya Zanzibar na kuipachika karne nzima ijayo. Mmoja anatazama mbali mno, mwingine anatazama karibu mno. Wote wanakwepa kazi ile ile, ambayo ni kuitafiti bahari ya hapa, kwa vipimo vya hapa, kwa muda mrefu.

Modeli na macho yake

Hapa ndipo inapokuja habari ya modeli za bahari, ambazo wengine huziabudu na wengine huzicheka bila kuzifahamu. Modeli si mashine ya kupiga ramli. Ni hesabu. Mwaka 1969 Syukuro Manabe na Kirk Bryan, waliokuwa wakifanya kazi Princeton, Marekani, walikuwa wa kwanza kuunganisha hesabu za hewa na za bahari katika kompyuta moja. Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021. Njia haijabadilika sana tangu hapo. Bahari hugawanywa katika vyumba vingi vilivyopangwa kama matofali, kando kwa kando na tabaka juu ya tabaka. Kila chumba hupewa joto lake, chumvi yake na mwendo wa maji yake. Kisha sheria za fizikia hutumiwa kuhesabu kila chumba kinampa nini jirani yake katika saa ijayo, na saa inayofuata, mpaka miaka mia ikatimia.

Nguvu ya hesabu hizi ni kwamba huunganisha mambo ambayo akili ya mtu mmoja haiwezi kuyashika pamoja. Ni modeli zilizowezesha kufumbua fumbo la Zanzibar. Lakini kila jicho lina kiwango chake cha kuona, na anayetumia jicho bila kujua kiwango chake atagonga ukuta.

Katika modeli nyingi za dunia zilizotumiwa kukadiria karne hii, chumba kimoja cha bahari kina upana wa takriban kilomita 100. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na upana wake haufiki kilomita 40. Mkondo wa Zanzibar, kati ya Unguja na bara, una upana wa kilomita 40 hivi, na kina chake ni makumi machache ya mita. Mkondo wa Pemba, ulio jirani, una kina cha mamia ya mita. Katika modeli ya namna hiyo kisiwa chaweza kuwa hakimo kabisa, na mikondo hiyo miwili, yenye tabia tofauti kama usiku na mchana, ikawa chumba kimoja au isiwepo. Watu zaidi ya milioni moja wanaishi mahali ambapo kompyuta imeandika maji matupu.

Liko na jambo jingine ambalo ripoti nyingi hulieleza na wasomaji wengi hulipita. Modeli za kawaida za bahari huhesabu joto, chumvi, pepo na mikondo. Kuyeyuka kwa barafu kuu, kubadilika kwa mvuto wake na kuzama kwa ardhi huhesabiwa kando, kisha vyote hujumlishwa. Ikiwa hakuna aliyepima kuzama kwa ardhi ya Rufiji, basi mahali pa tarakimu ya Rufiji patajazwa makisio. Jumla itaonekana kamili, na pengo litakuwa limefunikwa kwa nukta ya desimali.

Dawa ipo, nayo si siri. Ndani ya modeli kubwa hutiwa modeli ndogo yenye vyumba vya kilomita chache tu, kama ramani ya mtaa inavyowekwa ndani ya ramani ya mkoa. Modeli kubwa huipa ndogo habari za mipakani. Ndogo huona visiwa, miamba na midomo ya mito. Lakini modeli ndogo isiyosahihishwa kwa vipimo vya mahali ni ramani ya mtaa iliyochorwa na mtu asiyewahi kuutembelea. Inahitaji kina cha bahari kilichopimwa, kumbukumbu za maji zisizokatika, joto na chumvi vya miaka mingi. Vitu hivyo haviletwi na mshauri katika mkoba wake. Ama nchi inavyo, ama haina.

Bahari isifanywe kisingizio

Ni lazima isemwe pia kwamba kupanda kwa bahari kumeanza kutumiwa na baadhi ya watu kama shuka la kufunikia makosa yao. Ufukwe ukiliwa, husemwa ni tabianchi, na mjadala ukaisha hapo, kwa kuwa tabianchi haina ofisi inayoweza kuulizwa maswali.

Kisiwa cha Maziwi, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti, na kasa walikwea kutaga mayai. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kilikuwa kimebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Hutajwa mara nyingi kama kisiwa kilichomezwa na bahari inayopanda. Waliokichunguza hawakuishia hapo. Walitaja pia ukataji wa miti iliyokuwa imeushika mchanga wake. Kunduchi nayo, kaskazini mwa Dar es Salaam, ilipoteza ufukwe kwa miaka mingi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uchimbaji wa mchanga katika vijito ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikiulisha ufukwe huo. Aliyejaza lori mchanga usiku hawezi kuishtaki barafu ya Greenland.

Hesabu ya mahali ndiyo inayotenganisha haki na visingizio. Modeli nzuri, iliyosahihishwa kwa vipimo, yaweza kusema: katika mita hizi zilizoliwa, bahari imechukua kiasi hiki, na mikono ya watu imechukua kiasi hiki. Bila hesabu hiyo, mkata mikoko na mchimba mchanga watakuwa na wakili wa bure daima.

Rufiji ni mtihani mkubwa zaidi. Delta yake ina msitu wa mikoko unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, na wananchi wake wanalima mpunga na kuvua kamba mahali ambapo mto na bahari vinashindana kila siku. Juu ya mto huo limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme Februari 2024. Taifa lilihitaji umeme huo, na bwawa hilo ni haki ya watu wake. Lakini kila bwawa duniani hushika tope. Misri ilipokamilisha bwawa kubwa la Aswan mwaka 1970, tope la Nile liliacha kufika baharini, na fukwe za delta zikazidi kuliwa. Kujua hilo si kulipinga bwawa. Ni kuanza mapema kupima tope linalofika delta, kupima kama ardhi yake inashuka, na kuviingiza vipimo hivyo katika hesabu ya bahari, ili mkulima wa Rufiji asije kugundua kwa mguu wake kile ambacho ofisi ilipaswa kukigundua kwa kalamu.

Hoja za wavivu na majibu yake

Wanaoridhika na kunakili wana hoja zao, na yafaa zijibiwe moja moja.

Husemwa kwamba makisio yana upana mkubwa mno, sentimita 28 hadi mita moja na zaidi, kwa hiyo hayana manufaa. Jibu ni kwamba upana huo ni uaminifu wa kisayansi, nao unatumika vizuri sana na anayejua kupanga. Banda la mnadani litakalodumu miaka 15 halihitaji kujengwa kwa kuogopa mwaka 2100; likihamishwa, hasara ni ndogo. Gati, hospitali, kituo cha umeme na daraja vitakavyodumu miaka 80 au 100 havina ruhusa ya kutazama kiwango cha chini wala cha kati. Vyapasa vitazame cha juu, na viachiwe nafasi ya kuongezwa. Kinachotakiwa ni kila mradi kueleza utadumu miaka mingapi, utaumiza nani ukizama, na kwa sababu hiyo umechagua kiwango gani. Andiko lisilojibu maswali hayo matatu lirudishwe kwa aliyeliandika.

Husemwa tena kwamba sentimita chache si kitu katika pwani ambayo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua. Mvuvi yeyote angeicheka hoja hiyo. Maji hayaui kwa wastani wake. Huua siku bamvua inapokutana na kusi kali au dhoruba. Unguja iliijua siku ya namna hiyo Aprili 1872, kimbunga kilipoangusha mikarafuu yake. Mafia ilikumbushwa mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotua. Ukiinua sakafu ya maji hata kwa sentimita 20, dhoruba ndogo itafika mahali ambapo zamani ilifika dhoruba kubwa tu. Na chumvi haingoji dhoruba. Katika Kisiwa Panza na mabonde mengine ya Pemba, wakulima wameyaona maji ya bahari yakiingia mashambani mwao, na shamba la mpunga lililonyweshwa chumvi halisomi ripoti ya wastani.

Husemwa mwisho kwamba waliochafua hewa ndio wapige hesabu na ndio walipe. Kwamba wanapaswa kulipa, hakuna ubishi. Mwaka 2022, mkutano wa mataifa uliofanyika Sharm el-Sheikh ulikubali kuundwa kwa mfuko wa kufidia hasara na uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi. Lakini mdai anayekwenda barazani bila kipimo ni mdai asiye na shahidi. Ataulizwa maji yalikuwa wapi mwaka 1990, na yako wapi leo, na kiasi gani ni cha tabianchi. Akijibu kwa tarakimu ya dunia nzima, ataambiwa hiyo ni kesi ya dunia nzima. Kumwachia mdaiwa kazi ya kupiga hesabu ya deni lake ni kasumba ambayo haikupaswa kuvuka mwaka wa Uhuru.

Yanayopasa kufanywa

Mambo yanayotakiwa si mengi, wala si ya anasa kama ukuta wa bahari. Kuta zilizojengwa Dar es Salaam kando ya Barabara ya Barack Obama na katika Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kigamboni, zilizokamilika kufikia 2018, zilikuwa za lazima. Lakini pwani ya Tanzania Bara na visiwa haiwezi kuzungushiwa ukuta wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe ni ujinga wa kutojua maji yanakwenda wapi.

Kwanza, vipimo vya maji. Kipimo cha Zanzibar kina thamani kwa sababu kimedumu tangu 1984. Cha Mombasa, kilichoanza miaka miwili baadaye, vivyo hivyo. Kumbukumbu ya bahari iliyokatika miaka mitano hairudishwi kwa fedha yoyote. Tanga, Dar es Salaam, Mafia, Kilwa na Mtwara zastahili vipimo visivyolala, kila kimoja kikiambatana na chombo cha kupima kama ardhi iliyo chini yake inapanda au inashuka, kwa kuwa kipimo cha maji bila kipimo cha ardhi ni mizani yenye sahani moja. Fedha za mlinzi, betri na vipuri ziwekwe katika bajeti ya kawaida ya serikali, zisingoje mradi wa mfadhili unaoisha baada ya miaka mitatu.

Pili, watu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Unguja, na Mamlaka ya Hali ya Hewa zina wataalamu wanaoijua kazi hii. Vijana watakaoendesha modeli za bahari ya hapa wasomeshwe, wapewe kompyuta, na wabakishwe kazini kwa heshima na mshahara unaostahili. Mtaalamu mmoja anayeweza kuhoji tarakimu ya mgeni ana faida kuliko kabati zima la ripoti zisizohojiwa.

Tatu, vipimo viwe mali ya umma. Kina cha bahari kilichopimwa na bandari, kumbukumbu za hali ya hewa na ramani za halmashauri zisifungiwe katika ofisi tatu zisizosemezana. Modeli haiwezi kujifunza kwa faili lililofungwa kwa kufuli.

Nne ni kazi ya mwalimu, nayo si ndogo. Mwanafunzi wa shule ya msingi Pangani au Makunduchi hutembea kando ya maabara kubwa kuliko zote kila siku. Na aandike katika daftari la darasa maji yalifika jiwe lipi katika bamvua ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu. Na amwulize babu yake kisima kilianza mwaka gani kuwa na chumvi. Daftari hilo halitachukua nafasi ya chombo cha kisayansi, lakini litamlea raia ambaye, siku atakapokuwa afisa mipango na kuletewa tarakimu ya dunia nzima, atauliza swali la kwanza la mtu aliyeelimika: hii imepimwa wapi?

Swali hilo likianza kuulizwa katika kila ofisi ya pwani, kazi nusu itakuwa imekwisha. Lisipoulizwa, bahari italijibu yenyewe, nayo haitajibu kwa wastani. Itajibu Kisiwa Panza, itajibu Rufiji, itajibu Kigamboni, kila mahali kwa kipimo chake, usiku wa bamvua, watu wakiwa wamelala.